Vigingi vya Mama

Kiwanja cha wazazi wetu kiliteremka hadi ufukweni, mkao wake kama paa la nyumba. Kaka, ambaye ni msanifu majengo, alitaka mama aweze kwenda baharini na kurudi kwa kiti chake cha magurudumu. Kabla ya kuchora ramani ya nyumba yao mpya na njia ya kuteremkia, alitandaza mbao kwenye mteremko, baba akamsukuma mama kupanda. Kila mama aliposema amechoka, kaka alichomeka kigingi. Hapo pangejengwa kituo cha kupumzikia.

"Umekaa tu, umechokaje?" baba alimtania, huku akihema.

"Kukaa nako ni kazi, mzee wangu."

Mama alifariki kabla msingi haujachimbwa. Baadaye kaka alileta ramani mpya, yenye ngazi fupi badala ya njia ile ndefu.

"Sebule itapanuka, baba. Njia haina mtumiaji tena."

Baba aliteremka hadi chini, akaanza kupanda peke yake akifuata vigingi. Kwenye cha pili alisimama, mkono kiunoni.

"Mama yenu hakuwa amechoka," alisema. "Alikuwa anasikia ninavyohema."

Kaka akaikunja ramani yake. Tulimngoja baba pale juu mpaka pumzi zikamrudia.