Mtamba wa Mama Mdogo Anna

Baba yangu si mwizi. Angekuwa mwizi ningeshazoea, ningeona aibu yangu kimyakimya huko mjini Kijenge ninakoishi. Baba yangu, Yona, ni mzee wa kanisa na mkubwa wa ukoo, mtu ambaye parachichi la jirani likidondokea upande wetu analipeleka kwa mwenyewe. Ndiyo maana nilikasirika mpaka masikio yakapata moto siku ya Sikukuu ya Mavuno, nilipotoka ibadani nikamkuta mtamba wa mama mdogo Anna amefungwa uwanjani kwenye mnada wa sadaka, shingoni kavishwa kitenge kipya.

Kwetu huku juu ya Kikatiti, mwenye ng'ombe humkabidhi mwenzake amtunze. Mtunzaji anapata maziwa na mbolea. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, isipokuwa yule mliyekubaliana kwamba ni wa mtunzaji. Baba mdogo alipofariki, baba alimkabidhi mjane wake ng'ombe, wakakubaliana: ndama wawili wa baba, wa tatu wa Anna. Mwenyekiti wa kitongoji, Gadiel, alikaa pale kama shahidi, akanywa na kahawa.

Huyo wa tatu ndiye huyu mtamba. Kiangazi mama mdogo alishuka mpaka Kikatiti kutafuta mabua ya kumlisha, akapanda nayo mlima kichwani. Ng'ombe mama yake baba alishamuuza. Akabaki mtamba tu, mwenye mimba kubwa, na mama mdogo akawa anahesabu kwamba safari hii hata ndama atakuwa wake.

Nikamfuata baba. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona sadaka ya boma letu?"

"Si mtamba wa mama mdogo huyu?"

"Aliyemzaa ni ng'ombe wangu," akasema, bila kunitazama. "Na mkubwa wa boma ni mimi. Mzee wa kanisa hawezi kuja Mavuno na jogoo, Diana. Watu wananiangalia."

"Mama mdogo umemwambia?"

"Asubuhi, nilipomfuata mtamba zizini. Akanyamaza. Mwanamke mwenye adabu hambishii shemeji yake mkubwa."

Yaani adabu ya mtu ndiyo ikawa kibali cha kumnyang'anya! Na baba huyu ndiye aliyembeba mama mdogo mgongoni mpaka barabarani alipougua, kwenye tope la masika. Siku ile hakuwa na koti.

Nikamwendea Gadiel, aliyekuwa ameshashika kipaza sauti.

"Mwenyekiti, wewe ulikuwepo walipokubaliana."

"Nilikuwepo, sikatai. Lakini leo mimi si mwenyekiti, leo ni dalali. Dalali anauza kilicholetwa. Njoo ofisini Jumatatu tuongee."

Jumatatu! Jumatatu mtamba atakuwa kwenye zizi la mtu mwingine, au kwenye bucha.

Nikamkimbilia mchungaji Nathanael, mlangoni mwa kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nilidhani nimepata mtu.

"Kama binadamu, binti, moyo unaniuma," akasema. "Lakini kama mchungaji nimeshaibariki. Sadaka ikishafika madhabahuni, mimi nairudishaje?"

Watu wazima watatu, wote wanaujua ukweli, na kila mmoja ana nafasi ya kujifichia. Ukimtafuta mwenyekiti unamkuta dalali. Ukimtafuta binadamu unamkuta mchungaji. Nikarudi uwanjani nikapaza sauti mbele ya waumini wote: "Mtamba huyu si wa baba!"

Gadiel akasema kwenye kipaza sauti, "Diana, hapa unasema kama nani? Binti hasimami kubishana na baba yake mbele za watu." Wamama wakaguna, na si kwa upande wangu.

Hapo mama mdogo Anna akainuka kwenye benchi. Hakuwa na haraka. Akakifungua kile kitenge shingoni mwa mtamba, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye meza ya sadaka.

"Hiki ni cha kanisa," akasema. Kisha akaanza kufungua kamba.

"Mama, acha!" Gadiel akasema. "Unamchukua kama nani?"

"Kama mwizi."

Kamba ikafunguka, akawageukia watu.

"Nimekaa pale nawasikiliza," akasema. "Uzee wa kanisa una mtu. Udalali una mtu. Uchungaji una mtu. Mwenye mtamba sijasikia akiitwa. Iliyobaki ni nafasi ya mwizi, basi nimeichukua hiyo. Iteni mgambo."

Hakuna aliyeita. Mchungaji akainama akatazama viatu vyake.

Mama mdogo akamvuta mtamba taratibu, kwa ajili ya ile mimba. Alipofika mbele ya baba akasimama, akainamisha kichwa kama kila siku.

"Shikamoo, shemeji."

Baba akafungua mdomo. Marahaba haikutoka.

Nikaokota fimbo nikasimama nyuma ya mtamba.

"Na wewe, Diana?" Gadiel akauliza. "Wewe unakwenda kama nani?"

"Mwizi mwenzake," nikasema, nikamswaga mtamba tukaondoka.