Bampa Lililogeuziwa Ukuta

Tangu juzi gari lilikuwa limelazwa uani mgongo ukutani, karibu kiasi kwamba hata paka asingepita, na aliyetoa shauri hilo alikuwa Mama mwenyewe. Hakutaka Baba aguse nyuma.

Maana Baba alikuwa na mazoea yake. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, na sasa macho yamemwishia, anaona watu kama vivuli. Usukani alishamwachia binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Lakini kila asubuhi, kabla gari halijatoka, alilizunguka akiligusa pembe zote nne, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Kisha husema, "Haya, gari ni zima kabisa. Nendeni."

Na fahari yake kubwa ilikuwa punguzo. Kwa kuwa miaka na miaka hakuwahi kudai hata senti kutoka bima, alikuwa akilipa nusu ya wanayolipa wengine. Mgeni akija, atake asitake, ataelezwa. "Wenzangu walipostaafu walipewa saa za ukutani," husema. "Mimi nishani yangu ni punguzo."

Sasa nishani imeingia doa, na mwenyewe hajui.

Ilikuwa hivi. Mama hushona mapazia, Kitinda huyapeleka kwa wateja na kuyatundika. Juzi walikuwa wote wawili garini, mapazia yamejaa kiti cha nyuma. Kitinda akasimama kwenye kivuko cha waendao kwa miguu kumpisha mwanamke aliyebeba kikapu kichwani. Breki alikanyaga vizuri, bila papara. Mara, puu! Gari la nyuma likawavaa.

Kitinda akashuka haraka. "Samahani, kaka, samahani sana!" akasema yeye, yeye aliyegongwa. Mwanamume wa lile gari la pili hata hakumsikia. Pembeni yake mkewe alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, uchungu umembana, jasho linamtiririka.

Mama alizaa wanne. Hakuuliza kitu. Alichomoa pazia jipya, akalikunja, akamwekea yule mwanamke mgongoni apate kuegemea, akamfuta uso kwa upindo wa khanga, kisha akamgeukia mume: "Unasubiri nini? Nenda! Hili ni bati tu, nenda!"

Akaenda. Pazia nalo likaenda. Wao wakabaki kivukoni wameshikana mikono, bampa linaning'inia, taa ya nyuma imepasuka, na hakuna aliyekumbuka kusoma namba za gari.

Leo asubuhi, kabla Baba hajaamka, wakaenda ofisi ya bima, eti kuuliza tu. Karani, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Alijifungua salama?" ndilo alilouliza kwanza.

"Hatujui," Mama akasema. "Ndilo linaloninyima usingizi."

"Mungu amsaidie. Sasa, binti, wewe hukukosea. Aliyekuwa nyuma yako alipaswa kuacha nafasi. Kuna ulichomkubalia pale?"

"Alimwambia samahani," Mama akadakia. "Tumemlea hivyo."

Karani akacheka kidogo. "Mama, pole mpeni mtu, hata maji mpeni. Ila msijibebeshe kosa barabarani kabla mambo hayajaangaliwa, kuna watu watawabana kwa neno hilo hilo. Haya, namba za gari lake?"

Mama na Kitinda wakatazamana.

"Jina? Simu? Bima yake ni ya wapi? Hata shahidi mmoja?"

"Tulimpa pazia," Kitinda akasema kwa sauti ndogo.

Karani akaweka kalamu chini. "Sikilizeni. Mkidai, gari tutalitengeneza. Kwa kawaida tungemgeukia aliyewagonga, au bima yake, waturudishie tulicholipa, na punguzo la mzee lisingeguswa. Sasa tumgeukie nani? Hasara itabaki kwetu, na dai la namna hiyo tunaliweka kapu moja na yale ya waliokosea. Punguzo litashuka ngazi kadhaa."

"Hata kama sikukosea?"

"Hata kama. Wengi hudhani lile punguzo ni la kutokosea, mwanangu. Ni la kutodai."

"Na tukinyamaza?" Mama akanong'ona, kama vile Baba angesikia kutoka nyumbani.

"Kutengeneza wenyewe mnaweza, kama mkiona ni nafuu. Kunyamaza, hapana. Ajali huarifiwa hata kama hamdai. Na bima ni ya mzee, lazima aje mwenyewe aweke sahihi."

Njiani Kitinda aliendesha kama amepakia mayai. Walipofika akalirudisha gari ukutani, akazima injini, akauweka ufunguo mapajani mwa Mama.

"Mama, tafuta dereva mwingine. Mimi basi."

"Basi nini?"

"Nimemvunjia Baba nishani yake. Sishiki tena usukani."

Mama akautazama ufunguo. Punguzo lilimuuma, ndiyo. Lakini alikumbuka Kitinda alivyokuwa mdogo, anakaa ngazini na sahani ya bati mikononi, anakata kona na kupiga honi kwa mdomo, na babake anamwelekeza, "Angalia kioo, dereva!" Leo mtoto huyo huyo ameuachia ufunguo kama kaa la moto. Bampa hununuliwa. Moyo wa dereva ungenunuliwa wapi?

Mlango wa nyumba ukafunguka. Baba huyo, anafuata ukuta kwa kiganja.

"Mmerudi mapema," akasema. "Na hili gari nalo, tangu juzi limebana ukutani kama mtoto aliyekojoa kitandani. Linaficha nini?"

Hakungoja jibu. Akaanza mzunguko wake. Pembe ya kwanza, ya pili, mlango. Alipofika ukutani akajaribu kupita, tumbo likakataa, akaingiza mkono peke yake. Vidole vikapita kwenye taa iliyopasuka, vikashuka kwenye bampa, vikatulia hapo.

"Mume wangu," Mama akaanza, "ni mimi. Mimi ndiye niliyemwachia aende." Akamweleza yote, kivuko, uchungu wa yule mwanamke, pazia, maneno ya karani. Hakuficha hata lile la samahani.

Baba hakuutoa mkono. "Kitinda. Ulikuwa umesimama?"

"Nilisimama, Baba."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa. Kulikuwa na mtu anavuka."

"Na huyo anayevuka?"

"Alivuka. Hata kikapu hakikuanguka."

Baba akashusha pumzi ndefu. "Basi ulifanya kazi ya dereva. Lililobaki ni la karani."

"Na nishani?"

"Kwani niliiokota sokoni? Nilianza chini kabisa, nikiwa na umri kama wako. Imeshuka, utanipandishia." Akageuza uso upande wa mkewe. "Ila wewe, mama watoto! Pazia zima umelikumbuka, namba za gari zimekushinda!"

"Nilichanganyikiwa, mwenzangu."

"Ungechanganyikiwa huku unasoma."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Akampa Baba ufunguo. Baba akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaufumbata juu ya ufunguo kwa mikono yake yote miwili.

"Nipeleke nikaweke sahihi," akasema. "Na ulitoe ukutani polepole, nisikie gia."

Kitinda akajifuta uso, akaingia. Injini ikanguruma, gia ikaingia bila kelele, na Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Walipofika kwenye kile kivuko Kitinda akasimama, maana watu walikuwa wanavuka. Mama, aliyekaa kiti cha nyuma katikati ya mapazia, akageukia dirisha la nyuma. Alikuwa ameshika penseli na kipande cha karatasi ya kukatia vipimo, anasoma kwa sauti namba za gari lililokuwa nyuma yao.

"Mama watoto," Baba akasema, "huyo hajatugonga."

"Bado," Mama akajibu, akaendelea kuandika.