Washenga Wasioogopa Paa

Katika kijiji kizima cha Hwe Pakha lilibaki gauni jeupe moja tu lililovaliwa kihalali, na mwenye kulivaa alikuwa na miaka hamsini na minane.

Wakareni, watu wa milima ya kaskazini mwa Thailand, hawana mzaha na jambo hili. Mwanamke asiyeolewa huvaa gauni jeupe refu. Siku ya harusi hulivua, akavaa blauzi nyeusi iliyotiwa shanga za mbegu na sketi nyekundu, na tangu hapo harudii nyeupe hata mume akifa wiki ileile. Aliyeolewa akithubutu, mpunga utakauka na nguruwe wataharibu mimba. Ndivyo wasemavyo wazee, na hakuna aliyewahi kujaribu ili tupate uhakika.

Wasichana wenye haki ya nyeupe walikuwapo, lakini wote walikuwa mjini Chiang Mai wakiuza simu, wamevaa suruali za jinzi. Aliyebaki mlimani ni Nomu, na kwa miaka mingi Nomu alikuwa kichekesho. "Nomu, gauni hilo tutakuzikia!" walimwambia kisimani. Wanawake wenzake walipokaa kutafuna tambuu na kuwasema waume zao, yeye alifunga mkanda wa kufumia mgongoni na kufuma, kwa sababu mwenye gauni jeupe hana la kuchangia.

Kisha wakaanza kuja wageni. Walipanda milima kwa miguu, siku nne msituni, wakilala vijijini, na kwenye karatasi ya kampuni iliyowaleta palikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa nyeupe akifuma, iliyopigwa kwa nyuma. Huyo alikuwa Nomu. Kwa nyuma umri hauonekani. Ghafla kijiji kikagundua kwamba kina hazina. Mzee Tado, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa hodari wa kumcheka kuliko wote, akaanza kumwita "dada yetu" na kumpelekea maboga.

Kaedo, mwongozaji wa wageni, alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Nomu. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Kwa miaka tisa Kaedo alikuwa akiwapandisha wageni kutoka barabarani hadi Hwe Pakha kwa saa sita, wakitoka jasho na kuumwa na ruba, wakati gari dogo la mboga hufika kwa dakika arobaini. Aliwazungusha mlima. Wageni walipofika walianguka sakafuni kwa furaha, wakasema hawajawahi kuona mahali palipo mbali na dunia namna hii. Kaedo aliitikia kwa kichwa huku akiombea gari la mboga lisipige honi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka ukatokea msiba katika kijiji jirani cha Mae Lo. Kwetu watu huimba wakizunguka maiti, na vijana hutumia nafasi hiyo kutafutana. Usiku wa pili vijana walichoka, wakabaki wawili wakijibizana beti: Nomu, na Lapo wa hukohuko Mae Lo, mgane mwenye miaka sitini na mmoja, fundi wa kuezeka. Beti ziliingiana hadi alfajiri. Nomu aliporudi nyumbani alifungua kapu lake la chini kabisa, akatoa blauzi nyeusi aliyoifuma akiwa na miaka kumi na saba. Akaianika juani.

Kijiji kizima kiliiona blauzi ile kwenye kamba, na kijiji kizima kikapoteza hamu ya kula.

Kwa Wakareni mwanamume akioa huhamia kwa mke, lakini hajipeleki. Upande wa mwanamke ndio hutuma washenga, nao lazima wawe watu walio kwenye ndoa, wasiwe damu ya mwenye kuposa. Na njiani washenga wakisikia paa wa mlimani akibweka, au nyoka akiwakatia njia, lazima warudi, wangoje mwezi mwingine. Nomu akaenda kwa mwenyekiti kuomba washenga.

"Dada yetu, hilo tu?" alisema Mzee Tado. "Nitakwenda mwenyewe na mke wangu!"

Walitoka asubuhi, wakarudi kabla wali haujaiva. Paa amebweka. Mwezi wa pili wakaenda wengine, paa amebweka. Mwezi wa tatu ilikuwa nyoka, mnene kama mguu wa Tado, kwa ushahidi wa Tado mwenyewe, ambaye siku hiyo hakuwa hata kwenye msafara.

"Msitu huu una paa wengi sana mwaka huu," Nomu alimwambia Kaedo akipasua popoo kwa kisu. "Wewe unapita kila wiki. Huwasikii?"

"Mara mojamoja, Shangazi," alisema Kaedo, akajifanya kukaza kamba ya kiatu. Alijua kila kitu. Tado alikuwa amemwita kando na kumwambia: "Shangazi yako akivaa nyekundu, wageni watapelekwa kijiji kingine, na wewe utarudi kulima kabichi." Kaedo akaendelea kutafuna. Alikuwa na wali mdomoni, na wali huo ulitokana na wageni.

Mwezi wa nne ulipoandama, wageni walikuwa wanne: vijana wawili waliopiga picha kila kitu hadi kuku, na mtu na mkewe, Bruno na Hilde, walimu, wapole, wenye kulalamikia magoti kwa zamu. Walilala Hwe Pakha usiku wa kwanza na wa pili. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe.

"Hawa wawili wameoana?" Nomu aliuliza, macho yakiwa kwenye nyuzi.

"Miaka ishirini na sita."

"Hakuna aliyewahi kumwacha mwenzake?"

"Hakuna. Mbona unauliza, Shangazi?"

"Nauliza tu. Mtu asiulize? Nenda kawachemshie maji, watakufa kwa kiu halafu useme ni mimi."

Asubuhi ya siku ya tatu msafara uliteremka kuelekea Mae Lo. Kaedo alitangulia na panga. Hilde alifuata nyuma yake, kijitabu mkononi, akinong'ona kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kaedo hakusikiliza. Wageni hunong'ona mengi. Lakini walipofika kwenye mianzi maneno yale yalimwingia, naye akateleza, akakaa matopeni kwa makalio.

Hilde alikuwa akisema Kikareni. Alikuwa akisema kwa lafudhi ya ajabu, lakini neno kwa neno: "Nyumba yetu inavuja. Tunamtafuta ajuaye kuezeka."

Hayo ndiyo maneno ya posa. Hayasemwi kwa sababu nyingine, hata nyumba ikivuja kweli.

"Nani amekufundisha?" aliuliza Kaedo.

"Shangazi yako! Ni salamu, eti? Amesema nimpe mzee wa nyumba ya kwanza baada ya mto. Na ametupa zawadi yake." Bruno akafungua mkoba kwa fahari. Mlikuwa na chupa ya pombe ya mchele na tumbaku iliyofungwa kwa jani la mgomba na uzi mweupe, sawasawa na mila. Nomu alikuwa na maneno kumi ya Kiingereza aliyoyaokota kwa wageni. Inaonekana yalimtosha.

Kaedo bado amekaa matopeni, paa akabweka.

Hakuwa paa wa Tado. Alikuwa paa hasa, mwenye miguu minne, juu ya korongo, akibweka kama mbwa aliyefungiwa nje. Akabweka tena. Kaedo alihisi nywele zimemsimama. Alikuwa Mkareni kabla ya kuwa mwongozaji.

"Turudi," alisema.

"Turudi wapi?" aliuliza Bruno.

"Kijijini. Paa amelia. Ni mkosi."

"Ule ni paa?" Hilde akapiga makofi. "Bruno, paa! Umesikia?" Vijana wale wawili walikuwa tayari wamepanda ukingo kumtafuta, simu juu. Wageni wale walikuwa wamesafiri nusu ya dunia kuja kusikia kitu ambacho Mzee Tado na mkewe walikikimbia bila hata kukisikia. Huwezi kumrudisha mtu wa namna hiyo. Hatua mia mbili mbele nyoka mdogo wa kijani alikata njia, nao wakapanga foleni kumpiga picha.

Kaedo akatangulia tena. Kabla ya mto njia inagawanyika: ya chini inafika kwa Lapo, ya juu inazunguka hadi upande wa pili wa kijiji, kwa watu wengine kabisa. Kuwazungusha wageni ndiyo kazi aliyoifanya miaka tisa. Alisimama njia panda, akajifuta tope kwenye shati. Lilikuwa shati jekundu. Kila mwaka baada ya mavuno shangazi yake alimfumia moja, na kila mwaka aliuliza kama mabega yamemkaa vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo aliifuma anayeliwa mwenyewe. Kaedo aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Lakini tusimpe sifa asiyostahili. Alipokuwa bado anaona aibu, Hilde alikuwa ameshavuka mto kwa njia ya chini.

Lapo alikuwa barazani kwake akipasua mianzi. Aliwaona wazungu, hakushtuka, maana wazungu hupita. Kisha akaona chupa. Kisha uzi mweupe juu ya jani. Panga likamponyoka, akalikodolea macho bila kuliokota, na polepole akakaa mkao wa mtu anayeposwa, miguu chini yake, mikono juu ya mapaja.

Hilde akainama, akasema: "Nyumba yetu inavuja. Tunamtafuta ajuaye kuezeka."

"Mimi sijui kuezeka," alijibu Lapo. Ndivyo mila inavyotaka: anayeposwa hukataa mara mbili.

Hilde alimgeukia Kaedo. "Amesemaje?"

"Rudia tu," alisema Kaedo.

Akarudia. Hakuwa na sentensi nyingine.

"Macho yangu yamezeeka, sioni pa kufunga fito," alisema Lapo.

Bruno alidhani mzee haelewi lafudhi ya mkewe, kwa hiyo safari ya tatu wakasema wote wawili, mume na mke, kwa sauti kubwa, kama mtu anavyomsemesha kiziwi. Hakuna washenga waliowahi kuposa kwa ukamilifu ule.

Lapo hakukataa tena. Alitazama juu ya mabega yao, akamtazama Kaedo, akauliza swali la mwisho, lile ambalo posa husimama au huanguka nalo.

"Njiani walisikia nini?"

Kaedo akatafsiri, kwa sababu kutafsiri ni kazi yake. Uso wa Hilde ukang'aa. "Mwambie tumesikia paa! Mara mbili! Na nyoka!"

Jiko lilikuwa likitoa moshi ndani. Lapo alingoja. Wazee wasiosikia kitu walikuwa wameapa kwamba wamesikia. Sasa alikuwapo mtu aliyesikia kwa masikio yake mawili.

"Anasema," alisema Kaedo, "wamesikia ndege tu. Ndege na maji."

Alikuwa amewadanganya wageni miaka tisa bila kukosa usingizi. Uongo huu mmoja ulimtoa jasho mpaka kwenye magoti.

Lapo aliingia ndani. Walisikia kitu kikiburutwa. Akatoka na kapu la mgongoni, limefungwa, panga la pili limechomekwa pembeni, na vumbi jembamba juu ya kifuniko.

"Nimelifunga tangu msibani," alisema. "Miezi minne. Kila siku natoa shati moja navaa, nafua, narudisha. Mbona mmechelewa namna hii?"

"Msitu una paa wengi, Mjomba," alisema Kaedo.

"Paa gani? Mimi huwinda huko kila wiki, sijamsikia hata mmoja mwaka huu."

Harusi ilifanyika kabla ya kuchoma mashamba. Mzee Tado alikuja na nguruwe na uso wa msiba. Wanawake walimwingiza Nomu ndani amevaa nyeupe, wakamtoa amevaa nyeusi na nyekundu. Blauzi ya ujana wake ilimbana kwapani, wakaifumua kidogo, na alipotokea ngazini alikuwa analia waziwazi na hakujifuta. Gauni jeupe alimkabidhi Tado mbele ya watu wote.

"Mwenyekiti, wageni wakililia, livae wewe. Kwa nyuma hawatajua."

Wiki mbili baadaye Kaedo alipandisha wageni wengine, kwa saa sita kama kawaida. Kampuni ilikuwa imenung'unika, kisha ikabadilisha picha, ikaweka ya nguruwe. Wageni wakaingia kijijini simu mkononi. Chini ya nyumba wanawake sita walikuwa wamekaa wakitafuna tambuu na kuwasema waume zao, wote blauzi nyeusi, wote sketi nyekundu. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba mume wake anakoroma na anataka chumvi katika kila kitu, alikuwa Nomu. Hakuna simu hata moja iliyoelekezwa kwake.

Kijana mmoja mwenye kofia alimgusa Kaedo begani, akamnong'oneza. Kaedo akasita.

"Anasemaje huyo?" aliuliza Nomu.

"Shangazi, anaomba usogee kidogo. Unamziba nguruwe."

Nomu alimtazama yule kijana, akamtazama nguruwe, akacheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Akasogea, akajibana katikati ya wanawake wenzake.

"Lapo!" aliita kuelekea juu ya paa, ambako nyundo ya mianzi ilikuwa ikigonga. "Lapo wee, umesikia? Nimeambiwa nisogee!"