Fundi Makochi Mbele ya Msafara

Fundi makochi alipoambiwa akae mbele ya kikundi cha watembeaji, alifurahi. Alidhani ni heshima ya umri. Akaweka kofia yake sawa, akamtupia binti yake jicho la kumwambia, unaona? Ndipo kinyozi mmoja wa kikundini, mtu asiyejaliwa kufunga mdomo, akamsogelea.

"Hapa kwetu, mzee, mbele anakaa mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Na hairuhusiwi kumpita. Ndiyo maana hatujawahi kupoteza mtu."

Furaha ikamwisha palepale.

Kwake matembezi hayo hayakuwa mchezo. Mwishoni mwa majira ya baridi alikuwa ameteleza bafuni, akalala sakafuni mpaka kukapambazuka, kisha asimwambie mtu yeyote. Binti yake, ambaye ni muuguzi, aligundua siku kadhaa baadaye, alipomkuta akishuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja: baba ahamie kwake. Fundi aliishi juu ya karakana yake, katika vyumba viwili vilivyonuka gundi na ngozi, na kila asubuhi alishuka kwenda kuyavalisha makochi ya watu nguo mpya. "Nikakae kwa mkwe," alikuwa akilalamika, "nikitaka kukohoa niombe ruhusa?" Wakavutana wee, mwisho wakakubaliana. Atatembea na kikundi hiki hadi roshani zote tatu za kutazamia mto, binti akiwa nyuma yake. Muuguzi akiridhika, baba anabaki kwake. Asiporidhika, baba anafunga virago.

Na sasa wamemtanguliza kama mgonjwa!

"Twendeni," akasema, akachapa mwendo.

Njia ilipanda katikati ya miti iliyokuwa imeanza kuchipua, majani yake bado madogo na yenye kung'aa kama yamepakwa mafuta. Maua ya manjano yalikuwa yamejitokeza kando ya njia, na ndege walipiga kelele utadhani wanagombea kiwanja. Fundi hakuona hata kimoja. Aliona njia na ncha za viatu vyake, basi.

"Mto hauhami, Fundi!" alipaza sauti kiongozi wao, mama aliyegawa barua za posta mitaani mpaka akastaafu.

"Mzee, umeona mwizi au umeona bibi harusi?" kinyozi naye akadakia huku akihema.

Kwenye roshani ya kwanza Fundi alichungulia mara moja tu, akasema, "Mzuri," akaondoka kabla wenzake hawajafungua chupa za maji.

Kwenye roshani ya pili mambo yalibadilika. Alishika vyuma vya ukingo kwa mikono miwili, akautazama mto kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa. Ulikuwa umejaa, unapinda chini ya majabali kwa rangi ya chai ya maziwa. Nyonga ilikuwa inapiga kama nyundo. Binti akaja kusimama pembeni yake.

"Vipi, baba?"

"Safi."

"Umelowa jasho."

"Jua hilo."

Wote wawili wakatazama juu. Mbingu yote ilikuwa wingu tupu. Binti akampa leso ajifute.

Kutoka hapo njia iligeuka ngazi za mawe, moja fupi, nyingine ndefu, kama zimepangwa na mtu mwenye hasira. Fundi alipanda chache, akainama kufunga kamba za viatu. Akapanda nyingine, akainama tena.

"Hizo kamba utazikata, mzee," akasema kinyozi.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikaisha. Nyuma yake msafara mzima ulikuwa umesimama juu ya mawe, na hakuna aliyempita. Mama wa posta alichuma jani akawa analikunja. Hakuna aliyeonyesha haraka. Fundi alitazama ngazi zilizobaki, akajua kwa hakika kwamba akiendelea hivi ataanguka mbele za watu, na muuguzi wake ataona yote. Akisema kweli, vilevile ataona yote. Neno lilikuwa limembana katikati ya midomo, mfano wa vile vimisumari alivyozoea kuvishikilia kwa meno akigonga kitambaa kwenye mbao.

"Nimechoka," akasema.

Lilitoka dogo, lakini lilitoka.

"Nyonga inauma tangu roshani ya kwanza. Mwanangu, nipe bega. Na wewe kinyozi, kwa kuwa mdomo wako hauchoki, nibebee huu mkoba."

"Ala! Mkoba una mawe?"

"Una chakula changu. Ukiufungua nitakunyoa mimi."

Wakapanda polepole, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Bega la binti yake lilikuwa imara. Hakujua lilikuwa hivyo tangu lini. Safari hii aliyaona yale majani, hata akasimama kuyashika.

Roshani ya tatu ilikuwa juu ya yote. Mto ulionekana mzima, ukitoka mbali kwenye vilima vya kijani na kwenda zake. Fundi aliketi kwenye benchi, akainyoosha miguu, akangoja hukumu. Binti alimmiminia chai, akasubiri mpaka baba akainywa.

"Kesho kutwa nitakuletea fundi," akasema mwishowe. "Aweke vyuma vya kushikia bafuni kwako."

Ilimchukua muda kulisikia lile neno "kwako".

"Fundi wa nini, na mimi ni nani?"

"Baba."

"Haya, mlete. Lakini nitamsimamia."

"Na simu italala kando yako, si kule karakana."

"Italala."

"Ukianguka je?"

"Nitakupigia."

"Lini?"

Fundi makochi akakuna kidevu, akautazama mto.

"Nikiwa bado chini," akasema.