Kipande Alichoimba Tokuji

Momose Tokuji alikuwa mshona mikeka mjini Matsumoto, ile mikeka minene ya kutandika chumba kizima, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vigingi. Mkewe, Fumie, alikuwa muuguzi, hatoki kazini mpaka jioni. Kwa hiyo binti yao Chisato alipotimiza miaka minne na kupata nafasi katika darasa la fidla, mzazi wa kwenda naye alikuwa baba. Alipiga magoti ukumbini katikati ya akina mama kumi na mmoja, vipande vya nyasi vimemganda kwenye soksi.

Mwalimu Yokouchi, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, alimkabidhi fidla yeye, si mtoto. Alieleza kwamba mtoto kwanza husikia tu, kama alivyosikia maneno ya mama yake kabla hajatamka hata moja. Mzazi ajifunze wimbo mmoja, nyumbani santuri ipigwe kila siku, na mtoto asiguse chombo mpaka akitake mwenyewe.

Mimi nilikaa nyumba ya pili, ukuta mmoja kati yetu, kwa hiyo baridi yote ya mwaka ule niliishi ndani ya wimbo huo. Theluji ilikuwa imeuzima mtaa. Kulipopambazuka gramafoni ilianza kuimba katika karakana, harufu ya nyasi mpya ikipenya kwenye mbao, na Chisato alibaki chini ya blanketi zito linalofunika meza yenye makaa chini yake, si macho si usingizi. Siku moja aliniambia kuwa ameuona wimbo ukipita darini, polepole, na kwamba leo ulikuwa wa buluu.

Mchana ilikuwa zamu ya Tokuji. Siku ambazo Fumie hakwenda kazini, sote tulimsikia akimtania mumewe.

“Baba Chisato, hiyo ni fidla au umemkanyaga paka?”

“Paka angekuwa ameshakimbia,” Tokuji alijibu, akaendelea.

Mwezi wa pili Chisato akamvuta mkono wa nguo. “Baba, nipe mimi. Wewe unaukwaruza.”

Akapewa fidla ndogo. Alivyojifunza upesi ilikuwa ajabu, lakini kulikuwa na jambo. Kabla ya mwaka mpya Tokuji alikuwa akigeuza mkeka, kiwiko kikaigonga gramafoni, sindano ikaichana santuri, na tangu hapo sindano ilipofika katikati ya wimbo iliruka kipande kizima. Baba alijua kipande kile, mwalimu alimfundisha. Akimwonyesha mtoto, mtoto anatikisa kichwa. Kati ya baba na santuri, aliiamini santuri.

Aprili watoto kumi na wawili walipiga pamoja. Chisato alipiga safi, akaruka palepale sindano ilipokuwa ikiruka, akamaliza kabla ya wenzake. Akashusha upinde na kusimama akiwangoja, akishangaa wamechelewa wapi. Mama mmoja alicheka nyuma ya kiganja. Tokuji alitazama magoti yake, masikio yanamwaka moto.

Baadaye alieleza habari ya santuri, akaomba radhi mara tatu. Mwalimu Yokouchi hakutaka radhi.

“Mtoto hana kosa, Bwana Momose. Amepiga vile vile alivyopewa. Mpe kilichobaki.”

Dukani waliambiwa santuri nyingine itachukua wiki nyingi. Basi asubuhi iliyofuata nilisikia wimbo ukifika mahali pale na kukatika. Tokuji alikuwa ameinua sindano. Tangu arudi vitani, miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kumsikia Tokuji akiimba, hata kwenye harusi, hata akiwa amelewa. Kisha sauti ikatoka, nzito, ndogo, ikipapasa kama mtu anayevuka chumba chenye giza bila kutaka kumwamsha mtu. Katikati pumzi zilimwishia, akavuta nyingine, akamaliza. Sindano ikashuka tena.

Fumie aliniambia alikuwa mlangoni amekwisha vaa koti, na alichelewa kazini siku hiyo. Hakumtania.

Ikawa hivyo kila asubuhi mpaka miti ya cheri ya mtoni ikapukutisha maua. Siku moja tu Chisato akachukua fidla na kuupiga wimbo wote, na kipande kile kilitoka tofauti na vingine: kizito, cha chini kidogo, kikiwa na mapumziko katikati ambayo hayakuandikwa popote.

Mwalimu alimuuliza kwa nini anasimama pale.

“Pale Baba anavuta pumzi,” Chisato alisema.

Mwalimu Yokouchi alifumba macho, akamwomba aupige tena, na hakumsahihisha. Santuri mpya ilipofika, mtoto aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia baba yake kwa huruma kwamba huyu mtu wa ndani amekosea.

Jioni ile walitoka darasani wakafuata ukingo wa mto, Chisato mgongoni, fidla ikining'inia begani kwa Tokuji. Nilikutana nao darajani. Aliniashiria ninyamaze. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, na vidole vyake vinne vya kushoto vilikuwa vikibonyeza shingo ya baba yake, kimoja baada ya kingine, taratibu. Tokuji alitembea ameinamisha kichwa, akihesabu hatua kufuata vidole vile, asiupoteze wimbo.