Wazee Wote wa Carouge

Tangu Gaston afariki mwezi wa pili, mjukuu wake Fabienne, mwenye miaka miwili na nusu, alimwona kila mahali. Kila mzee mwenye kofia bapa aliitwa Pépé, kama alivyozoea kumwita babu yake: kondakta wa tramu ya Geneva, padri, hata yule mlevi wa pale kwenye bomba la maji. Kwa Huguette, mjane wa Gaston, jina lile lilikuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

"Keshamsahau," alimwambia bintiye Viviane, mama wa mtoto, huku akimenya viazi. "Ukimwita kila mtu Pépé, Pépé mwenyewe unaye?"

Viviane alikuwa mwalimu wa chekechea. "Hajasahau, Mama. Kichwani ana kapu moja tu la wazee, na kapu lenyewe kalisuka kwa mfano wa Pépé. Kila mzee anamtia humo humo. Siku mmoja akigoma kuingia, itabidi asuke jingine."

"Makapu! Ndiyo mliyofundishwa chuoni?"

"Ndiyo. Na mtihani nilifaulu."

Jumamosi Huguette alimpeleka mtoto sokoni Carouge. Muuza jibini, Bwana Rochat, alikuwa na kofia bapa na masharubu meupe, kama ya Gaston hasa.

"Pépé!"

"Ehee, mjukuu wangu huyo!" Rochat akacheka. "Na kuoa kwenyewe sijaoa!"

Fabienne hakucheka. Alimshika mkono, akamvuta kidole gumba, akangoja. Akavuta tena.

"Anataka nini, mama?" Rochat akauliza.

Huguette alijua. Gaston alikuwa akijifanya kidole kimeng'oka, analia kilio cha uongo, kisha anakipachika tena kwa mate. Miezi minne hakuna aliyemkumbusha mtoto mchezo ule. Huguette mwenyewe alikuwa ameusahau.

Fabienne akauachia ule mkono. Akakunja uso, akafikiri.

"Si Pépé," akasema. "Babu wa jibini."

"Haya, nimeshafukuzwa kazi," akasema Rochat.

Huguette akachuchumaa pale pale, watu wakimpita huku na huku, machozi yakimlenga. Akakificha kidole gumba chake kiganjani, akapiga ukelele: "Aiii!"

Mtoto akamtazama, akatikisa kichwa.

"Si hivyo, Bibi."

Akamshika mkono, akaanza kumfundisha.