Tarakimu Sita Kwenye Boriti

Kwa siku nne friji letu lilikuwa na kamera tatu kando ya siagi. Siku ya kwanza mke wangu, Marlys, alivumilia. Siku ya pili aliuliza kama wageni wangu wale watataka na chai.

"Maji ya kule chini ya ziwa ni nyuzijoto nne," nilimwambia. "Nataka kujua ipi itakufa kwanza."

"Na mimi nataka kujua maziwa umeyahamishia wapi."

Zilikuwa zile kamera ndogo za wanamichezo, ambazo watu huzifunga kwenye kofia za baiskeli. Niliziwasha zote zirekodi, nikafunga mlango, nikakaa na saa mkononi. Ile ya bei kubwa, yenye picha safi kuliko zote, ilizimika dakika ya thelathini na nane, na betri yake haitoki. Ya pili ilidumu, lakini kila jambo lake lilitaka kidole kitupu kwenye kioo, na mzamiaji wa Ziwa Superior hana kidole. Ana glavu nene kama za mtu anayetoa mikate kwenye tanuri. Ya tatu ilikuwa na picha za wastani, betri ya kubadilisha, na kitufe kimoja kikubwa juu. Kasha lake la kuzuia maji lilipimwa hadi mita sitini. Nikabaki na hiyo. Zile nyingine nilizirudisha dukani zikinuka samaki wa moshi.

Tyyne Salmela, mzamiaji mwenzangu, hakutaka hata kusikia habari za friji.

"Niambie neno moja tu, profesa. Itapita?"

"Itapita."

Kupita ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Kilomita tisa kutoka gati letu, mita thelathini na moja chini, kuna meli ya matanga imekaa wima kwenye tope, tumbo lake zima, halina hata ufa. Mjini watu wote walisema ni Pine River, iliyopotea Novemba ya 1887. Tyyne peke yake alisema ni Adela Finch, iliyopotea wiki hiyohiyo. Aliyeshika usukani wa Adela Finch usiku ule alikuwa baba wa babu yake, Eino Salmela. Na kwenye ukuta wa makumbusho yetu kuna kibao cha shaba kinachosema kwamba meli hiyo iligonga Mwamba wa Kunguru "kwa uzembe wa mshika usukani", wakafa watu wanane.

Mwamba huo uko kilomita ishirini magharibi. Kama meli yetu ni Adela Finch, basi Eino hakugonga kitu.

Tyyne anaendesha basi la shule. Kila Mei huwapeleka watoto wa darasa la tatu makumbusho, na kila Mei mmoja wao husoma kibao kile kwa sauti, kisha hugeuka. "Bi Salmela, huyu ni ndugu yako?" Miaka ishirini na mbili amejibu ndiyo.

Bernadine Cadotte, msimamizi wa makumbusho, si mtu mbaya. "Niletee namba, Tyyne," alimwambia. "Nikiiona namba, kibao kinashuka siku hiyohiyo."

Meli za zamani zilichongwa namba ya usajili kwenye boriti kuu, ndani ya tundu la kushushia shehena. Adela Finch ilikuwa 105418. Pine River, 150281. Lakini sitaha imeporomoka juu ya tundu hilo, na uwazi uliobaki haumpitishi mtu na mtungi wake wa hewa. Kung'oa hata msumari ni kosa la jinai. Kinachoruhusiwa kupanda juu ni picha peke yake. Ndiyo maana nilitaka kamera ya kukaa kwenye ncha ya ufito wa mita mbili.

Tulitoka Jumapili ya mwisho ya Septemba na boti ya Gaylord Nault, mtu mnene, mcheshi, ambaye kesho yake angeng'oa boya la kuonyesha mahali meli ilipo. Baada ya hapo ni dhoruba na barafu hadi Mei.

"Dereva," alimwita Tyyne, "ukikuta abiria huko chini usiwapandishe. Boti imejaa."

"Wewe peke yako umeijaza, nahodha."

Kasha nililifunga nje, kwenye baridi, si ndani kwenye joto la injini, maana hewa ya joto ikifungiwa humo hugeuka ukungu ikifika kwenye maji baridi. Nilikuwa nimepaka mafuta mpira wa kuzibia, nikaukagua kwa tochi kutafuta unywele. Pia nilikuwa nimebandika utepe mweusi juu ya kile kitaa chekundu cha mbele, kisije kikaakisi kwenye mbao. Nilijiona mtu makini sana.

Tukashuka kwa kamba. Maji ya Superior ni safi. Kwenye mita kumi na tano tayari tuliiona, nyeusi, kubwa, mlingoti mmoja bado umesimama. Tyyne hakuangalia mlingoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu, akabonyeza kitufe, akaingiza ufito. Mimi nilimulika kutoka pembeni, ili taa isiangaze vumbi la tope lililo mbele ya kamera. Alihesabu pumzi tano bila kutikisika, akasogeza, akahesabu tano tena. Kisha akabonyeza kuzima, akanionyesha alama ya sawa kwa glavu. Dakika kumi na sita zikaisha, tukapanda polepole.

Kwenye boti tulifungua video. Ilionyesha mapezi ya Tyyne. Dakika tatu za mapezi ya Tyyne, ngazi, goti la Nault, kamba, kamba, kamba. Kisha meli ikaja, glavu ikaja, na video ikakatika. Ya pili ilianza pale alipomaliza, ufito ukitoka, ikatuonyesha safari yote ya kurudi mpaka nilipoizima botini.

"Goti langu limetoka vizuri," alisema Nault.

Tyyne alikuwa ameigusa kamera bila kujua wakati wa kuvaa. Ilipotakiwa kuwaka, aliizima. Kwa glavu zile huwezi kuhisi kitufe, na kitaa ambacho kingemwambia nilikuwa nimekifunika mimi.

"Ni utepe wangu," nilisema.

Tyyne alinirudishia kamera. "Wiki tatu za friji, profesa."

"Siku nne."

"Marlys anasema wiki tatu."

Ikabidi tusubiri dakika tisini, mwili utoe gesi iliyoingia kwenye damu safari ya kwanza kabla ya kuupa nyingine. Tulikula pasti, mikate ya kukunjwa yenye nyama na viazi, na upepo ukaanza kugeuka kaskazini. Nault aliacha mizaha, akawa anatazama mawimbi. Nilibadilisha betri, nikafuta kasha, nikabandua utepe.

"Nina wazo," nilisema. "Tuiwashe hapa juu, tuione imewaka sote watatu, halafu mtu asiiguse mpaka turudi."

"Betri inadumu dakika ngapi kwenye baridi?" aliuliza Nault.

"Sitini na mbili."

"Mimi nawapa thelathini. Upepo huu haunipendi."

Safari ya pili Tyyne aliibeba kamera mikono miwili kama anayebeba yai. Kile kitaa chekundu kilipepesa njia nzima, nami sikuacha kukitazama. Tuliingiza ufito. Tope la safari ya kwanza lilikuwa bado linaelea, likipita mbele ya taa yangu kama theluji. Nikahamisha taa zaidi pembeni, karibu iguse mbao, na hapo ubavu wa boriti ukapata vivuli. Kitu kilikuwa kimechongwa pale. Kutoka nilipokuwa niliona mistari tu. Tyyne aliona pia, maana mapovu yake yaliongezeka mara mbili. Nilimshika bega. Akatulia, akahesabu pumzi tano. Kumi. Kumi na tano.

Tulipopanda, boti ilikuwa inaruka. Nault alituvuta mmoja mmoja kama magunia, akawasha injini, kisha akaizima tena.

"Potelea mbali, siendi popote kabla sijaona. Leteni hapa."

Jua lilikuwa linaua kioo, kwa hiyo akatufunika kwa koti lake la mvua, vichwa vitatu chini ya koti moja, maji yakitutiririka puani. Nikasogeza video mbele. Tundu. Giza. Theluji ya tope. Boriti.

"Simamisha!" alisema Tyyne.

"Bado."

"Wes, simamisha nimesema!"

Nikasimamisha. Nusu ya kulia ya namba ilikuwa imezama kwenye tope. Zilizobaki ni tarakimu tatu. Ya kwanza ni moja, haina ubishi.

"Moja," Nault alisema. "Zote mbili zinaanza na moja. Asante sana."

"Ya pili ni sifuri," alisema Tyyne.

"Au tano," nilisema. "Tusiharakishe."

"Usiniudhi!"

Nilisogeza picha moja baada ya moja. Kwenye ya kwanza kulikuwa na duara lililovunjika. Kwenye ya pili tope likapita. Ya tatu, taa yangu ilipohamia pembeni, kivuli kikajaa ndani ya mchongo, na mviringo ukafunga, kamili, hauna kona hata moja. Pembeni yake tano ikasimama na kofia yake bapa.

"Moja, sifuri, tano," nilisema.

Niliendelea kusogeza, maana mimi ndivyo nilivyo. Kwenye pumzi ya kumi na tano tope la kulia lilikuwa limeteleza kidogo, na tukaona kichwa cha tarakimu iliyofuata: nne.

Nault alipiga yowe lililotutoa sote chini ya koti. Akamnyanyua Tyyne na suti yake na mshipi wake wa madini ya risasi, akamzungusha, boti ikayumba, nami nikaikumbatia kamera. Tyyne alikuwa anacheka huku analia, akimpiga mgongoni. "Niweke chini, we mzee! Simu! Nipe simu!"

Mtandao ulikuwa na kijiti kimoja. Nilipiga picha kioo cha kamera kwa simu, nikaituma, na tukangoja, mawimbi yakitupiga ubavuni. Ilichukua dakika nzima. Kisha Bernadine akapiga yeye mwenyewe.

"Tyyne. Hiyo ni sifuri."

"Ni sifuri."

"Na tumbo halina tundu?"

"Halina. Wes amelizunguka mara sita kiangazi hiki."

"Sasa ilizamaje?"

"Sijui, Bernadine. Hiyo hatujui bado. Lakini mwamba si wa Eino."

"Nimefunga leo, lakini niko humu ndani. Usikate."

Tyyne aliweka simu kwenye sauti ya juu, akaishika katikati yetu. Tulisikia ngazi ikiburutwa sakafuni. Tulisikia Bernadine akipanda, akilalamikia goti. Kisha bisibisi, na skrubu ya kibao ikidondoka kwenye mbao, ikabingirika. Ya pili. Ya tatu.

"Hii ya nne imeota kutu," sauti ilisema kutoka mbali. "Haitoki."

"Tumia nyundo!" Nault alifoka.

"Nani huyo?"

"Tumia nyundo, Bernadine," alisema Tyyne.

Tukasikia nyundo.